Sura ya Nne: Kamba ya Mguu wa Kushoto

Mwili wa Tundup ulikuwa umeketishwa katika chumba cha sala, umekunjwa magoti, umefungwa kamba na kuviringishwa nguo nyeupe, na hapakuwa na mtu hata mmoja kijijini Tsaluk aliyekuwa tayari kumruhusu Inspekta Nilza Wangmo aufungue.

"Haufunguliwi," alisema Gyaltsan. Alikuwa amelisema hilo tangu asubuhi, kila mara kwa utulivu uleule, na utulivu wenyewe ndio uliokuwa ukimkata Nilza maini.

"Kaka Gyaltsan, mtu amekufa ghafla. Mtu mwingine anatuhumiwa kwa sumu. Mimi ni polisi. Nataka kumwona marehemu."

"Si umemwona? Yule pale."

"Nimeona shuka."

"Basi ndani ya shuka yumo yeye."

Gyaltsan ndiye aliyekuwa mkubwa wa zile nyumba zinazozikana na nyumba ya marehemu. Mtu akifa Tsaluk, ndugu zake hawamgusi. Hao watu wa kuzikana ndio wanaomwosha, wanaomkunja, wanaomfunga na mwishowe kumchoma. Ni kazi isiyolipwa na isiyoshukuriwa, na Gyaltsan alikuwa ameifanya muda mrefu kiasi cha kuiona serikali nzima kama mgeni aliyeingia jikoni bila kuvua viatu.

"Nimemfunga kwa mikono yangu hii," aliendelea. "Nikimfungua sasa, roho ikapotea njia, lawama zitamwangukia nani? Gyaltsan. Na kamba zenyewe nimepigana nazo, usinione hivi. Nilikata mbili sawasawa, moja kila mguu. Ya kulia ikazunguka vizuri ikabaki na mkia. Ya kushoto haikufika. Ikabidi niiunge na mshipi wangu mwenyewe. Wenye maduka wa siku hizi ni wezi watupu, wanatuuzia kamba zinazofupika."

"Sikuja kuchunguza kamba."

"Umeniuliza nimemfungaje."

"Sijakuuliza."

"Basi ungeniuliza."

Nilza alifumba macho. Nyuma yake Konstebo Motup alikohoa kile kikohozi chake cha mtu mwenye jambo.

"Afande, mwulize kuhusu harufu."

"Alikuwa ananukia kokwa chungu," alisema Gyaltsan kabla ya kuulizwa. "Tena sisemi mimi peke yangu. Tulikuwa wanne, na wote tumenusa."

Motup alimtazama bosi wake kwa macho ya mtu aliyeokota dhahabu. Alikuwa amehudhuria kozi ya upelelezi mjini Leh, na katika kozi hiyo walifundishwa sumu mbili, na moja ilikuwa sianidi. Tangu hapo alikuwa akiitafuta sianidi kila mahali, hata katika kesi za wizi wa mbuzi.

"Sianidi hiyo, afande. Inatoka kwenye kokwa chungu za aprikoti. Na mwenye kokwa za aprikoti Tsaluk ni nani? Miti yenyewe haioti huku juu. Ni Kunzes tu, anayeletewa na ndugu zake kutoka mabondeni. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Motup, wewe andika ulichosikia. Methali niachie mimi."

Lakini hoja yenyewe ilisimama, na hilo lilimuudhi zaidi. Juzi Tundup alitoka nyumbani kwa mama yake, akaenda kwenye kibanda cha chai cha Kunzes, akanywa chai, akainuka kuondoka, akaanguka kizingitini na kufa. Hayo kila mtu aliyajua. Kunzes alikuwa mjane aliyeolewa kutoka chini, na tangu mumewe afariki palikuwa na minong'ono kwamba nyumba yake ni ya wale wanawake wanaotia watu sumu ili wawachukulie bahati zao. Minong'ono hiyo haikuwahi kumkosesha usingizi mtu. Sasa ilikuwa na maiti. Kijiji kizima kilikuwa kimemkatia maji, moto na salamu, na watu wa mchumba wa Yangdol, binti yake, walikuwa wamerudisha mtungi wa pombe ya shayiri waliopokea siku ya posa.

Daktari alikuwa amekwama na gari lake kwenye theluji upande wa pili wa njia ya mlimani ya Chang La. Mnajimu naye alikwisha sema: mwili uchomwe leo, jua litakapoacha paa la hekalu. Ukishachomwa, hakuna atakayejua kilichomuua Tundup, na Kunzes atabaki na jina la mtia sumu yeye na kizazi chake. Nilza angeweza kuuzuia mwili kwa amri ya serikali. Alijua pia ambacho kijiji kingesema: mchawi ana polisi wake. Kati ya njia hizo mbili hakuona iliyo nzuri, na jua halikuwa likimsubiri.

Bi Chorol, mama wa marehemu, alikuwa jikoni amezungukwa na wanawake. Hakuwa analia. Alikuwa amekaa wima na kufumbata mikono ndani ya joho, kama mtu anayengoja kulipwa haki yake.

"Umeshamkamata?" aliuliza.

"Mama, pole sana kwa msiba. Nina maswali machache."

"Mimi nina moja tu. Umeshamkamata?"

"Tundup alikuwa anaumwa siku hizi?"

"Mwanangu? Karudi kutoka Chandigarh mzima kama chuma. Miaka kumi na sita anafanya kazi za hoteli huko chini, hajaumwa hata jino. Kaja kwangu wiki chache tu, na yule mwanamke kaniulia."

"Hapa nyumbani alikuwa akifanya nini?"

"Afanye nini? Alikuwa anapumzika." Hapo uso wa mama ulilainika kidogo. "Sikumwacha ainue hata ndoo. Sikumwacha atoke kwenye baridi. Alikuwa anakaa pale pale ulipo wewe, mgongo kwenye jiko, namletea kila kitu. Mtoto amechoka, acha akae."

"Hakulalamika chochote? Kichwa, tumbo, kifua?"

"Hakuna."

Nilza aligeuka ili amfiche uso wake wa kuchoka, na macho yakaangukia viatu kando ya mlango. Vilikuwa buti za mjini, mpya, zenye zipu ubavuni. Ya kulia ilikuwa nzima. Ya kushoto ilikuwa imechanwa kutoka juu hadi karibu na kisigino, mstari mmoja ulionyooka.

"Hizi ni za Tundup?"

"Ni zake."

"Hii imechanwa na nani?"

Bi Chorol aliitazama ile buti. "Panya," alisema.

"Panya."

"Huku wako wengi wakati wa baridi."

"Na wanatembea na visu."

Wanawake waliinamisha vichwa. Hakuna aliyecheka, lakini mmoja alianza kushughulikia jiko ambalo halikuhitaji kushughulikiwa.

"Mama," alisema Nilza, "mimi nikitoka hapa sina kitu. Sina mwili, sina daktari, nina kokwa na panya. Kama kuna jambo unalijua, niambie."

"Ninachojua nimekuambia. Alikunywa chai kwa Kunzes akafa. Midomo ilikuwa ya zambarau. Unataka nini tena?"

Nilza angependa kumwambia kwamba kwa baridi ile nusu ya midomo ya Tsaluk ilikuwa ya zambarau, pamoja na ya Motup. Badala yake akatoka.

Kibanda cha Kunzes kilikuwa mwisho wa kijiji, na juu ya paa lake ndipo palipokuwa mahali pekee pa kupatia mtandao wa simu. Kabla ya juzi paa lile lilikuwa kama soko. Leo Nilza aliwaona wanaume wawili wazima wakipanda mlima kwenye upepo, simu mkononi, ili wasikanyage paa la mwanamke mmoja. Akabisha hodi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kunzes alimkaribisha, akamketisha mahali pa heshima, akamwekea bakuli la chai ya siagi. Mkono wake ulikuwa imara. Macho yake yalikuwa kwenye bakuli.

"Niambie tangu alipoingia," alisema Nilza.

"Aliingia akichechemea. Akaunyoosha mguu juu ya benchi, huu wa kushoto. Nikamwuliza, nono, kijana wangu, umeumia? Akasema mguu umejaa mawe. Akacheka, akasema Chandigarh alikuwa anakimbia na sinia siku nzima bila kuumwa, kaja kwa mama kukaa tu, mguu umegoma. Akanywa chai. Akasimama. Alipofika mlangoni akashika kifua, akakohoa, akasema, 'Shangazi, hewa.' Basi."

"Huko kwao wanasema hakuwa na ugonjwa."

"Huko kwao mimi ni mtia sumu. Utawaamini kwa lipi?"

"Mtuhumiwa lazima aseme hivyo," alinong'ona Motup, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Nilza hakumjali. "Mwili ulinukia kokwa chungu."

Kunzes alilisogeza bakuli la chai karibu na mgeni. "Kokwa ninazo," alisema. "Nasaga, nakamua mafuta. Zile chungu zinatoa mafuta ya kujipaka na ya taa. Sizitii kwenye chai. Hata ningezitia, nani angekunywa? Ni uchungu wa kumtoa mtu machozi. Angenitemea usoni."

"Kuna mtu alichukua mafuta hayo kwako siku hizi?"

"Hakuna."

Alijibu upesi mno. Nilza alilijua jibu la namna hiyo, alikuwa amelisikia kutwa. Leo alikuwa amedanganywa na kila mwenye mdomo katika Tsaluk. Walikuwa wamebaki ng'ombe wa yak tu.

Alisimama. Kunzes alilitazama bakuli. Chai ilikuwa palepale ilipowekwa, imeanza kufanya utando wa siagi juu. Katika nchi ile mgeni akinywa funda moja, mwenyeji humjazia, na bakuli lisiloguswa husema lenyewe.

"Niko kazini," alisema Nilza.

"Najua," alisema Kunzes. "Siku hizi kila mtu yuko kazini."

Neno hilo lilimchoma Nilza, na kwa kuwa lilikuwa la kweli alizidi kukasirika. Akapanda ngazi kwenda juu ya paa, Motup nyuma yake, ampigie daktari aliyekwama. Yangdol alikuwa amejifungia chumba cha nyuma. Kunzes alifuata na kapu, akaanza kugeuza vipande vya samadi ya kuwashia moto vilivyoanikwa ukingoni, kwa sababu msiba au si msiba, kuni za baridi ni zilezile. Upepo ulikuwa mkali, ikabidi Nilza aiweke simu kwenye kipaza sauti na kuinama juu yake.

"Nani amekufa?" iliuliza sauti ya Daktari Otzer. Hakuwa mtu wa salamu.

Nilza alimweleza: kuchechemea, mguu uliojaa mawe, kifua, kikohozi, hewa.

"Mguu mmoja ulivimba, au miwili?"

"Sijaiona miguu."

"Uko huko tangu asubuhi hujaiona miguu?"

"Otzer, marehemu amefungwa kama robota la sufu, na mwenye kamba hataki kunisikia."

"Haya, nisikilize mimi. Huku juu hewa ni haba, hilo unalijua. Mwili ukikosa hewa unaongeza chembe nyekundu za damu ili udake hiyo kidogo iliyopo. Damu inakuwa nzito kama uji uliolala, na inakuwa rahisi kuganda hata mahali isipotakiwa. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo umkalishe kando ya jiko wiki kadhaa. Hatembei, hanywi maji, ananywa chai ya chumvi tu. Damu inalala mguuni inafanya bonge. Siku bonge likichomoka linapanda mpaka kwenye mapafu na kuziba. Mtu anashika kifua, anaomba hewa, amekwisha."

"Lakini hayo ni maradhi ya askari wa tambarare," alidakia Motup. "Sisi tumezaliwa huku, daktari. Damu yetu imezoea."

"Huyo ni nani?"

"Ni Motup," alisema Nilza.

"Mwambie Motup kila mtu huko ananiambia hivyo, mpaka nimechoka. Huyo kazaliwa hapo, sawa. Damu yake imekaa Chandigarh miaka kumi na sita, imesahau. Na hata wale wasiowahi kuteremka hata siku moja, wapo niliowatibu. Mlima haumwulizi mtu kwao. Inspekta, pima mashavu ya miguu yote miwili. Wenye bonge unakuwa mnene waziwazi, na akifa hausinyai upesi."

"Nimekuambia amefungwa."

Akalisikia neno lake mwenyewe. Upepo ulipiga. Alikuwa anamwona Gyaltsan akilalamika, na anajiona mwenyewe akimkatiza. Kamba mbili zilizokatwa sawasawa. Ya kulia ilibaki na mkia. Ya kushoto haikufika.

"Mimi ni mjinga," alisema.

"Hilo silipimi kwa simu," alisema daktari. "Lingine. Ulizia kama kuna aliyemchua huo mguu. Huko kwenu dawa ya kila kitu ni kuchua. Mguu wa namna hiyo hauguswi. Ukiuchua na mafuta, ukaukamua kwa vidole kama wanavyofanya, bonge linang'oka. Ni kama kumsukuma mtu genge—"

Simu ikakatika. Ilikuwa imesema ya kutosha.

Nilza alipoinua kichwa alimkuta Kunzes amesimama, kipande cha samadi mkononi.

"Alikuja kwa mlango wa nyuma," alisema Kunzes polepole. "Chorol. Siku moja kabla. Alisema anataka mafuta ya taa ya sala. Nikaona hakuleta chombo cha taa, kaleta kichupa cha dawa. Akaniapisha nisimwambie mtu. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia wenzake wasichukue hata moto nyumbani kwangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesemaje? Ungesema mafuta yangu yameingia nyumba ile, na siku ya pili mtoto kafa. Ungemalizia mwenyewe."

Nilza alitaka kukana. Akakumbuka bakuli la chai, akaona afadhali ashuke ngazi.

Uani kwa Bi Chorol watu walikwisha kusanyika. Watawa walikuwa wameketi na tarumbeta zao, na jua lilikuwa bado limeshika nusu ya paa la hekalu. Gyaltsan alikuwa akihesabu wabebaji. Alipomwona Nilza alinyoosha viganja mbele.

"Haufunguliwi."

"Usiufungue. Nijibu tu. Ile kamba ya kushoto iliyokuwa fupi, na ile ya kulia, zilitoka kwenye kamba moja?"

"Moja. Nilikunja katikati nikakata. Nikuambie mara ngapi?"

"Basi kamba ikafupika mguu mmoja tu?"

Gyaltsan alifungua mdomo kumlaani mwenye duka, akaufunga. Watu wanne waliomfunga Tundup walitazamana.

"Mguu ulikuwa mnene," alisema mmoja wao, kama aliyegundua sasa hivi. "Nilidhani ni kwa kuwa amekufa."

"Kafa mguu mmoja?" Nilza alisema. "Na harufu ya kokwa. Mliinusa mdomoni?"

"Nani atanusa mdomo wa maiti?" Gyaltsan alichukizwa. "Nilikuwa nimeinama namkaza kamba, goti lake liko puani mwangu. Hapo ndipo iliponukia."

"Goti gani?"

Gyaltsan alinyoosha mikono hewani kana kwamba anakaza kamba, akajitazama. "La kushoto," alisema.

Motup alikuwa ameacha kuandika. Unaweza kumhurumia, sianidi yake ilikuwa ikimponyoka mbele ya watu. Nilza aligeuka akamwita Bi Chorol, naye akatoka jikoni na wanawake wake nyuma. Nilza alikuwa na buti iliyochanwa mkononi.

"Mama, mimi nimechoka. Nimechoka sana leo. Nakupa njia mbili. Ya kwanza, naubeba mwili wa mwanao kwenye gari langu mpaka Leh, upasuliwe, na siku ya mnajimu ipite. Ya pili, unawaambia hawa watu ni panya gani aliyechana buti hii."

Bi Chorol alitazama paa la hekalu, akatazama buti.

"Mimi," alisema. "Ilikuwa haiingii. Mguu ulikuwa umevimba siku tatu."

"Na mafuta uliyompaka yalitoka wapi?"

Mikono ya mama ilitoka ndani ya joho, ikarudi. "Kwa Kunzes," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Sema wasikie."

"Yalitoka kwa Kunzes. Nilikwenda mwenyewe usiku, nikayanunua. Mafuta yake ndiyo mazuri, kila mtu anajua." Akainua kichwa kwa ukali. "Sikusema kwa sababu nyinyi nyote mngenicheka. Na nikisema alikuwa mgonjwa, yule mwanamke angeponyoka."

"Alikuwa mgonjwa," alisema Nilza, akawageukia watu. "Hakuna sumu. Damu iliganda mguuni kwa sababu ya huku juu, na baridi, na kukaa. Bonge likapanda kwenye mapafu. Daktari ameniambia kwenye paa la Kunzes, na Kunzes mwenyewe alikuwepo akisikia. Angekunywa chai kwa mnajimu, angefia kwa mnajimu."

Wazee watatu waligeuza macho kumtazama mnajimu, ambaye hakulipenda lile.

Ndipo Nilza alipoona watu wanapisha njia langoni. Kunzes alikuwa amekuja na birika la shaba la chai, kama jirani yeyote anavyokuja na chai kwenye msiba, na Yangdol nyuma yake. Hakuna aliyemwita na hakuna aliyemzuia. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya Bi Chorol, akasimama.

Wanawake hao wawili walitazamana. Bi Chorol alikuwa ameanza kufikiri, maskini, na Nilza alijua mawazo yale yanaelekea wapi na hakuwa na namna ya kuyazuia.

"Ulikuwa juu ya paa," alisema Bi Chorol. "Ulimsikia daktari."

"Nilimsikia."

"Nilimchua usiku kucha. Alikuwa analia kwa maumivu, nikamwambia vumilia mwanangu, itatoka. Nilimkamua kwa nguvu zangu zote." Akameza mate. "Daktari alisema nini juu ya kuchua?"

Kunzes alikuwa ameitwa mtia sumu mbele ya kijiji kizima. Posa ya mwanawe imevunjwa, moto wake umekataliwa, na sasa aliyemfanyia hayo alikuwa amesimama mbele yake na mdomo wazi, anaomba mwenyewe atiliwe sumu. Lilihitajika neno moja tu, tena la kweli.

Kunzes aligeuza birika mkononi.

"Simu ilikuwa inakatika," alisema. "Nilisikia habari ya damu, na baridi. La kuchua sikulisikia."

"Hakulisema?"

"Labda hakulisema. Leta bakuli lako."

Bi Chorol alitoa bakuli lake ndani ya joho, kama kila mtu wa huko anavyotembea nalo. Kunzes akamimina. Ua wote ulikuwa unatazama bakuli lile, watawa pamoja na tarumbeta zao. Yule mama aliliinua kwa mikono miwili, akanywa funda moja, akalishusha, na Kunzes akamjazia. Akanywa tena. Machozi yaliyokataa kutoka siku tatu yalikuwa yanaingia kwenye chai, na Kunzes aliendelea kujaza.

Jua liliacha paa la hekalu. Tarumbeta zililia, na Gyaltsan akaanza kuwagombeza wabebaji.

Motup alisogea, daftari mkononi, kalamu mdomoni. "Afande," alinong'ona, na safari hii alinong'ona kweli, "lile la mafuta alilolisema daktari, la bonge kung'oka. Niandike vipi?"

Kutwa nzima Nilza alikuwa amewalaani waongo wa Tsaluk, mmoja mmoja kwa jina. Kunzes alikuwa sasa amefika mbele yake, amesimama na birika bila kumimina, anangoja.

"Andika simu ilikuwa inakatika," alisema Nilza, akatoa bakuli lake.